IST inayovuja upande wa dereva: shajara ya kazi

Jumatatu

Gari limeingia asubuhi: Toyota IST, toleo la kwanza, injini ya 2NZ ya cc 1,300, giaboksi otomatiki. Mwenyewe ni mama mstaafu wa uuguzi, anakaa Sahare, hapa Tanga, na malalamiko yake yamenyooka kuliko ya wateja wengi. Haidroliki, yaani mafuta ya giaboksi, inavuja upande wa dereva, pale shafti ya gurudumu inapoingilia. Sili, pete ya mpira inayozuia mafuta pale, imeshabadilishwa zaidi ya mara moja kwa mafundi wengine. Ikibadilishwa gari hukauka siku kadhaa, kisha doa linarudi pale pale. Usiku huliwekea sinia la bati chini kunusuru sakafu ya baraza, na leo amekuja nalo kwenye buti, bado lina mafuta.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Naomba tu usinambie ni sili. Sili nilizonunua zatosha kufungulia duka."

Nimemwahidi sitagusa sili mpaka nijue inaharibiwa na nini. Kapanda bajaji, kaenda zake. Naandika kila hatua kwa sababu gari limeshapita mikono mingi na sitaki kurudia walichofanya wenzangu.

Tumelipeleka juu ya shimo. Chuma hakionekani. Kuanzia sampu ya injini mpaka nyuma ya giaboksi ni tope la mafuta na vumbi jekundu, maana Mama huenda shambani kwake Muheza. Hapo ndipo fundi mwenye haraka anapodanganyika: shafti ya upande wa dereva ni ndefu, inapita nyuma ya injini, kwa hiyo chochote kinachovuja huko juu kinateremka na kudondokea pale pale kwenye sili. Washukiwa ni wengi. Tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, inaweza kutoa oili ikashuka nyuma ya bloku. Sili ya nyuma ya krenki inaweza kuvuja pale injini na giaboksi zinapoungana. Gasketi ya sampu ya giaboksi nayo imo, na sili ya mkono wa kubadilishia gia. Pawa stelingi nimeifuta mapema: IST inatumia mota ya umeme, haina mafuta ya kuvuja.

Nimechovya tone kutoka kwenye sinia nikaliweka kwenye karatasi nyeupe. Limeenea likabaki na wekundu uliochakaa. Oili ya injini ya gari hili, nikiichomoa kwa kijiti, ni nyeusi. Basi kinachodondoka ni haidroliki. Hilo linaniambia ni kitu gani kinavuja, halijaniambia kinatokea wapi.

Jumatatu, mchana

Kupima kiwango. Giaboksi hii ina kijiti chake, tofauti na magari mapya ambayo lazima ufungue nati chini. Haipimwi kama oili ya injini. Unaliendesha gari mpaka haidroliki ifike joto la kazi, kati ya nyuzi 70 na 80, injini inaunguruma, mguu kwenye breki, unapitisha gia zote taratibu mpaka mwisho kisha unarudi P. Ndipo unachomoa. Ukipima injini ikiwa imezimwa utasoma uongo, kwa sababu haidroliki iliyokuwa kwenye pampu na njia za juu hurudi chini na kiwango kinapanda.

Imezidi. Imepita alama ya HOT kwa kiasi cha kidole kizima. Nimempigia Mama. Kumbe kila akiona doa alikuwa anaongeza "ile nyekundu" kwenye kituo cha mafuta, yoyote iliyopo. Gari hili linataka haidroliki aina ya T-IV. Si kila nyekundu ni T-IV, na giaboksi ikijazwa kupita kiasi gia zinaitwanga haidroliki mpaka inatoa povu, povu linapanda mpaka kwenye tundu la kupumulia. Nimetoa ziada kwa bomba la sindano kupitia njia ya kijiti. Kazi ya kuchosha, lakini siwezi kuchunguza uvujaji kwenye chombo kilichofurika.

Jumanne

Kuosha. Dizeli, brashi, kisha sabuni, kisha maji, kisha upepo wa kompresa mpaka kila kona ikakauka. Dogo, kijana wangu wa gereji, anauliza kwa nini tunaosha gari la kutengenezwa kama la kuuzwa. Nimemwambia asubiri.

Baada ya hapo tumepaka poda ya watoto. Tumeimwaga kwenye kitambaa tukapigapiga kuzunguka sili, chini ya maungio ya injini na giaboksi, kwenye ukingo wa sampu, na nyuma ya bloku chini ya tapeti kava. Chuma kikawa cheupe. Mafuta yakitoka kwenye poda huacha mkondo unaoonyesha yalikoanzia. Wenye uwezo hutumia rangi maalumu na taa ya zambarau. Poda ya dukani inanitosha.

Nimeendesha mpaka Pongwe na kurudi, kwa mwendo wa kawaida. Shimoni tena, na tochi.

Tapeti kava kavu. Maungio ya injini na giaboksi makavu, poda haijaguswa. Ukingo wa sampu mkavu. Chini kabisa ya sili kuna mkondo mwembamba mwekundu, na juu ya shafti vitone vimerushwa kwa mduara. Mafuta yanatokea pale pale sili ilipo, sasa kwa ushahidi. Dogo akasema, "Si ni sili basi, bosi?" Nikamjibu kwamba sili ndiyo mlango. Aliyeufungua hatumjui bado.

Jumatano

Leo nimeshughulika na shinikizo. Giaboksi ikipata joto hewa iliyomo hutanuka, na lazima itoke mahali. Kuna tundu dogo la kupumulia juu ya kasha. Likiziba, hewa inasukuma haidroliki kupitia sehemu dhaifu kuliko zote, na mara nyingi ni mdomo wa sili ya shafti. Kulifikia ilibidi nitoe betri na boksi la filta ya hewa.

Kofia yake ilikuwa imeganda tope. Nimeisafisha kwa petroli, nikapuliza, sasa inazunguka na hewa inapita.

Mtu angeweza kuishia hapa, akamwita mwenye gari, akapokea pesa. Mimi lile sinia linanisumbua. Mama anasema hujaa usiku, gari likiwa limelala. Giaboksi ikipoa shinikizo linaondoka, halibaki mpaka alfajiri. Lakini injini ikizimwa kiwango cha haidroliki ndani ya kasha hupanda, mafuta yanakaa yakiegemea sili bila kusukumwa na chochote. Sili nzima iliyokumbatia shafti nzima haitakiwi kuvuja hapo. Kwa hiyo tundu lililoziba lilizidisha, halikuanzisha.

Usiku nimeliacha gari na karatasi ya boksi chini. Asubuhi ya Alhamisi karatasi ilikuwa na doa la ukubwa wa kiganja. Doa dogo kuliko la kwenye sinia, ila lipo.

Ijumaa

Alhamisi gereji ilikuwa na Noah ya abiria iliyotakiwa njiani siku hiyo hiyo. IST ilisubiri.

Leo tumefungua. Gari juu ya stendi, jeki pekee siiamini. Nati ya habu ni ya 30, mdomo wake umekunjwa kwenye mfereji wa shafti, unauinua kwanza kwa patasi nyembamba ndipo ufungue. Tairodi endi, boli jointi ya chini, kumwaga haidroliki, kisha mtaimbo mfupi nyuma ya jointi ya ndani, ukisukuma kidogo kidogo upande huu na upande ule. Usivute kwa kushika shafti yenyewe: jointi ya ndani itaachana na utabaki na buti ya mpira ya jointi iliyochanika na kazi ya pili.

Kabla ya kuichomoa nilipima mchezo. Ukiitikisa jointi juu na chini pale inapoingia lazima kuna uhuru kidogo, maana inazunguka ndani ya kasha la difu bila beringi yake yenyewe. Swali ni uhuru kiasi gani. Nimeazima saa ya kupimia kwa mkerezaji wa jirani, nikapima huku na upande wa abiria ambako hakuna malalamiko. Zinalingana. Nimeshusha pumzi, kwa sababu mchezo ukizidi ni difu iliyolika, na hiyo si kazi ya sili wala si bei ya sili.

Sili yenyewe. Kabla ya kuing'oa nimepima kwa venia kina chake kutoka ukingo wa kasha, juu, chini, mbele, nyuma. Juu na chini vimeachana karibu milimita 2. Imekaa upande. Aliyeiweka aligonga kwa nyundo sehemu moja, haikuingia sawa. Kuzunguka ukingo kuna silikoni imepakwa kwa wingi. Silikoni ya nje haisaidii kitu mafuta yakipita ndani, kati ya mpira na shafti. Mpira umekakamaa, kucha haizami, na mdomo una nyufa ndogo. Mdomo wa pili, ule wa kuzuia vumbi, haupo kabisa. Sili za bei rahisi mara nyingi hazina, na barabara ya shamba haina huruma.

Kwenye kasha, chini kabisa, kuna mkwaruzo wa bisibisi wa mtu aliyeng'oa sili kwa nguvu. Haujafika ndani sana. Nimeulainisha kwa msasa laini.

Halafu shafti, na hapa ndipo jibu lilipo. Nimeifuta, nikaishika kwenye mwanga wa jua, nikapitisha kucha kwa urefu. Kucha imenasa. Kuna mfereji umezunguka shafti nzima pale mdomo wa sili unapokaa. Na juu ya mfereji kuna mistari ya msasa iliyopigwa kwa urefu, kutoka ndani kuja nje. Mtu aliuona, akajaribu kuulainisha. Nia njema, ila kila mstari umekuwa njia ya mafuta kupita chini ya mdomo. Sehemu ya sili kama ni lazima iguswe hupigwa msasa kwa kuzunguka, kamwe si kwa urefu.

Nimemwita Dogo naye apitishe kucha. "Ndiyo maana," akasema, hakuongeza neno.

Sili mpya ilikuwa inakauka siku kadhaa kwa sababu mpira mpya ni laini, unajaza mfereji. Ukizoea joto na kupoteza ulaini wake, unaacha nafasi. Ukiongezea imekaa upande na tundu la kupumulia limeziba, unapata sinia la Mama.

Jumamosi

Mama amekuja. Nimemwonyesha shafti, nimempa mkono wake mwenyewe apitishe kucha. Muuguzi hana tatizo la kuelewa: akauliza kama ni kidonda cha juu au kimefika ndani. Nimemwambia cha juu. Jointi yenyewe ni nzima, haigongi kwenye kona, buti ni mpya.

Njia zilizopo nimemweleza hivi. Ya kwanza, kuipachika sili mpya milimita moja na nusu nje zaidi ili mdomo uangukie chuma ambacho hakijalika. Inafanya kazi kwenye magari mengi, lakini hapa mistari ya msasa imevuka mfereji pande zote mbili, chuma safi hakipo karibu. Ya pili, jointi ya ndani ya mtumba kutoka Dar. Ya tatu, kuvisha shafti kikoti chembamba cha chuma cha pua, kitu ambacho kampuni ya beringi ya SKF wanakiita Speedi-Sleeve, unene wake takriban milimita 0.28, kwa hiyo unatumia sili ya saizi ile ile.

Mkerezaji wa jirani amependekeza ya nne: ajaze mfereji kwa welding kisha akereze. Nimekataa kwa adabu. Chuma cha shafti kimepewa ugumu kiwandani, na moto wa welding unaharibu ugumu huo na unaweza kupinda kitu ambacho kinazunguka na gurudumu. Kazi yake ya kukereza naiheshimu, na hii siyo ya kwake.

Mama kachagua jointi ya mtumba. "Kitu kamili, mwanangu, kuliko kiraka." Nimepiga simu Kariakoo.

Jumanne

Mzigo umefika na basi, nimeufuata stendi ya Kange. Nimeufungulia pale pale juu ya kaunta ya vifurushi. Jointi ni ya gari lile lile, mikunjo ya meno sawa, buti imekatwa. Kucha imenasa. Mfereji mwembamba kuliko wetu, ila mahali pale pale, na ndivyo itakavyokuwa kwa jointi yoyote iliyotembea miaka karibu ishirini ikifutwa na sili mahali pamoja. Muuzaji tulikubaliana mapema kwa maandishi ya simu kwamba ikiwa na mfereji narudisha, kwa hiyo imepanda basi la kurudi. Nauli ya mzigo nimelipa mimi.

Sasa kiraka. Saizi ya kikoti huchaguliwa kwa kipenyo cha shafti, unachopima mahali ambapo hapajalika. Nimepima kwa maikromita ya mkerezaji sehemu tatu kuzunguka, nikachukua wastani, nikatuma namba hizo kwa muuzaji wa beringi Dar.

Ijumaa

Kikoti kimekuja kwenye boksi lake, na kikombe chake cha kugongea. Nimekifikiria kabla ya kukigusa, kwa sababu kinakuja kimoja na ni chembamba, ukikipinda umekiua.

Kwanza alama. Nimerudisha shafti mahali pake bila kikoti, nikaweka alama mdomo wa sili unapofika. Hii ni muhimu kwa gari hili: sehemu ya ndani kidogo ya pale inaingia kwenye kasha la difu kwa nafasi ndogo sana. Kikoti kikifika huko shafti itakwama au italika. Lazima kikae chini ya mdomo wa sili na kisivuke.

Mfereji nimeujaza kwa epoksi yenye unga wa chuma, nikaufuta usawa wa shafti. Epoksi ikiwa bado mbichi nimevisha kikoti, ukingo wenye mkunjo ukitangulia, kikombe juu yake, nyundo ya mpira, mapigo mafupi yaliyo katikati. Kimeteleza mpaka kwenye alama. Mkunjo nimeukata kwa koleo na kuung'oa kufuata mstari wake, nikafuta ziada ya epoksi. Kucha inapita bila kunasa.

Sili nimenunua mwenyewe Ngamiani, nikakaa dukani muda mrefu kuliko muuzaji alivyopenda. Alinipa mbili zinazofanana kwa macho. Kwenye sili nyingi za shafti, mpira wa ndani una vijimistari vilivyolala upande, vinavyorudisha mafuta ndani shafti inapozunguka kwenda mbele. Sili ya kulia na ya kushoto mistari yake imelala kinyume. Ukiweka ya kushoto upande wa kulia, gari linajisukumia mafuta nje lenyewe. Kuna mshale umechapwa, ila ni mdogo. Nimechukua yenye mshale sahihi na mdomo wa vumbi.

Jumamosi

Kufunga. Sili imeingia kwa kipande cha bomba chenye kipenyo cha ukingo wake, nikigonga kwa kuzunguka na kupima kwa venia kila mara. Juu, chini, mbele, nyuma: sawa. Mdomo nimeupaka haidroliki, mpira mkavu huungua kwenye mzunguko wa kwanza. Ringi ndogo ya kwenye ncha ya meno ni mpya, pengo lake limeangalia chini wakati wa kuingiza. Dogo kashika shafti upande wa gurudumu, mimi nimeongoza ncha kwa vidole ili meno yasiguse mpira. Ikalia "tak". Nimeivuta kidogo kuhakikisha imenasa.

Nati ya habu mpya, imekazwa kwa spana ya kupimia nguvu, mdomo umekunjwa. T-IV ndani, kiasi kile kile kilichotoka, halafu kupima kwa joto. Umwagaji wa mara moja haumalizi mchanganyiko wa zamani, nyingine hubaki kwenye tokonvata, kati ya injini na giaboksi. Nimemwambia Mama kila akija kubadilisha oili ya injini tumwage na kujaza tena mpaka wekundu urudi.

Poda tena. Muheza na kurudi. Poda nyeupe.

Jumatatu

Karatasi ya boksi imelala chini ya gari usiku wa Jumamosi na wa Jumapili. Haina doa. Gari limechukuliwa. Mama kauliza sinia afanyie nini sasa, nikamwambia alitumie kwa kazi yake.

Wiki kadhaa baadaye

Mama kapeleka wajukuu Lushoto. Kutoka Mombo kupanda ni kona juu ya kona, giaboksi inapata joto kweli kweli, ndiyo maana nilimwomba apite gereji akirudi. Upande wa dereva ni mkavu, tundu la kupumulia linapumua, kiwango kiko kati ya alama mbili za HOT.

Upande wa abiria umeanza kutoa jasho. Si tone, ni unyevu unaoshika vumbi. Shafti ile ina umri ule ule, na sili yake haijabadilishwa tangu gari liingie nchini. Nimempa bei ya kikoti na sili, nimemwambia anaweza kusubiri mpaka vitone vianze, mradi asiongeze kitu kituoni. Kipenyo nitapima tukifungua, sitanunua kwa kukisia kwamba kinalingana na cha kulia.